Kuita na Kuitikiwa: Historia ya Maktaba za Pamoja katika Kompyuta

Masomo ya Redio kwa Watu Wazima. Somo la Kumi na Nne.

Katika somo lililopita tulieleza ya kuwa programu ya kompyuta ni orodha ndefu ya amri, na kompyuta huzifuata moja baada ya moja bila kuuliza sababu. Leo twasogea mbele hatua moja. Programu inapohitaji kazi ambayo mtu mwingine amekwisha kuiandika, huipataje? Huibeba tangu nyumbani, au huiazima njiani? Swali hili laonekana dogo, lakini wataalamu wamelihangaikia kwa zaidi ya miaka sabini, na mwaka wa 2024 almanusura limpe mtu mmoja ufunguo wa kompyuta nyingi sana duniani. Habari hiyo tutaifikia.

Wenye kalamu na karatasi wakae tayari, maana yapo majina machache ya kigeni nitakayoyasoma herufi kwa herufi.

Tuanze Cambridge, Uingereza. Tarehe 6 Mei 1949, katika Chuo Kikuu cha mji huo, mashine iliyoitwa EDSAC ilifanya hesabu yake ya kwanza. Mkuu wa kazi hiyo alikuwa Bwana Maurice Wilkes. Mashine ile ilijaza chumba, ilhali kumbukumbu yake mwanzoni ilikuwa na nafasi 512 tu, na amri moja ilichukua nafasi moja. Programu ilitobolewa katika utepe wa karatasi, mashine ikausoma utepe ule tundu kwa tundu.

Bwana Wilkes na wenzake waliona upesi kwamba kazi nyingi hujirudia. Mwanafunzi wa nyota ataka kipeuo cha pili, na mwanafunzi wa kemia ataka kipeuo kile kile. Ya nini kila mmoja akiandike upya, na kukosea upya? Kijana mmoja, David Wheeler, aliyekuwa mwanafunzi wa Bwana Wilkes, alibuni njia ya kuandika fungu la amri mara moja tu, hata programu yo yote iweze kuruka na kuingia katika fungu lile, fungu likafanya kazi yake, kisha likajua mahali pa kurudi. Mafungu hayo yalitobolewa katika tepe fupi fupi, zikawekwa ndani ya kabati la chuma. Mkusanyo ule wakauita maktaba, na mpaka leo mafungu ya amri yaliyowekwa tayari kwa matumizi ya wote huitwa hivyo. Mwaka wa 1951 maktaba ile ilikuwa na mafungu 87, na mwaka huo huo Wilkes, Wheeler na mwenzao Stanley Gill walitoa kitabu cha kufundisha kazi hiyo.

Lakini angalieni vizuri jinsi maktaba ile ilivyotumika. Mtu aliyetaka kipeuo alitoa utepe kabatini, akaunakili katika utepe wa programu yake, kisha akaurudisha. Tangu hapo programu yake ilibeba nakala yake yenyewe, kama mtu achotaye maji kisimani akaenda nayo safari ndani ya kibuyu. Kisima kikichafuka baadaye, maji yake hayana habari. Kisima kikisafishwa, vile vile hayana habari. Naomba mweke jambo hili moyoni, maana historia yote inayofuata yatoka hapo.

Palikuwa na shida moja ya kazi. Fungu la amri husema, mathalani, “nenda nafasi ya 40.” Lakini aliyeliandika hajui litawekwa wapi katika programu ya mwenziwe, huenda mwanzo wake ukawa nafasi ya 200, na ile ya 40 ikawa 240. Bwana Wheeler alitengeneza amri za mwanzo, ambazo mashine ilizifuata kabla ya nyingine zote, na amri hizo zilisahihisha namba hizi wakati utepe unaposomwa. Kazi ile ya kusahihisha namba ndiyo inayofanywa hadi leo kila mtu afunguapo programu, ingawa sasa hufanyika upesi kuliko kupepesa jicho.

Sasa tuvuke bahari. Mwaka wa 1965, huko Marekani, chuo cha MIT pamoja na Bell Labs na kampuni ya General Electric walitangaza shauri kubwa. Walitaka kompyuta moja iwatumikie watu wengi kwa wakati mmoja, mchana na usiku, kama mtambo wa umeme unavyoutumikia mji. Mfumo huo uliitwa Multics, na kiongozi wake alikuwa Bwana Fernando Corbató.

Watu wa Multics waliiacha desturi ya kunakili. Kila fungu la amri lilikaa mahali pake, likiwa na jina lake, na programu ikaandikwa jina lile tu. Programu ilianza kwenda bila kujua fungu liko wapi. Ilipofika mara ya kwanza mahali pa kuliita, mashine ilisimama, ikamwita mtumishi wa ndani aitwaye kiunganishi. Kiunganishi kililitafuta jina lile mahali mbalimbali kwa utaratibu uliowekwa, kikaliona, kikaandika anwani yake katika jedwali, na programu ikaendelea kana kwamba hapakutokea neno. Mara ya pili ilipoita haikutafuta tena. Ilisoma jedwali ikaenda moja kwa moja. Watu ishirini wakilitumia fungu moja, nakala yake kumbukumbuni ilikuwa moja tu. Na fungu lisiloitwa halikutafutwa kabisa.

Mimi naona hii ni mojawapo ya fikira nzuri sana katika historia ya kompyuta. Lakini yatupasa tuone na upande wake wa pili. Zamani programu na fungu lake walikutana mezani kwa mtunga programu, naye mwenyewe akiwatazama. Sasa walikutana wakati wa kazi, kwa mtumiaji, na hapana mtu aliyekuwapo. Programu iliita jina, na ye yote aliyewekwa mahali panapotafutwa kwanza ndiye aliyeitika. Mtu akiliweka fungu lake lenye jina lile lile mahali pa mbele, lake ndilo liliitikia, liwe jema au baya.

Tena kiunganishi chenyewe kilikaa ndani kabisa ya mfumo, mahali penye mamlaka yote, huku kikisoma mafaili yaliyoandikwa na mtu ye yote. Faili lililoharibika, au lililoharibiwa kwa makusudi, liliweza kukipotosha. Mwaka wa 1974 mwanafunzi wa MIT, Philippe Janson, alieleza katika maandishi yake jinsi ya kukiondoa kiunganishi mle ndani na kukipa mamlaka yale yale aliyo nayo mtumiaji wa kawaida, yasizidi. Kompyuta ya mwisho iliyotumia Multics ilizimwa huko Halifax, Kanada, tarehe 30 Oktoba 2000, lakini tatizo aliloliandika Bwana Janson halikuzimwa pamoja nayo.

Bell Labs ilijitoa katika kazi ya Multics mwaka wa 1969. Watu wake wawili, Ken Thompson na Dennis Ritchie, wakaanza mfumo wao mdogo ulioitwa Unix. Kompyuta yao ilikuwa ndogo, nao walipenda mambo mepesi. Wakarudia njia ya kabati: kila programu ikabeba nakala zake. Kwa muda wa miaka zaidi ya kumi hapakuwa na manung'uniko makubwa, maana maktaba zilikuwa ndogo na programu zilikuwa ndogo.

Kilicholeta mageuzi ni picha. Katika miaka ya 1980 kompyuta zilianza kuonyesha madirisha, vitufe na herufi za namna nyingi. Amri za kuchora dirisha moja ni nyingi kupita zile za kutafuta kipeuo. Tufanye hesabu kidogo. Tuseme maktaba ya madirisha ina ukubwa wa kilobaiti 500. Programu kumi zikiibeba kila moja nakala yake, hizo ni kilobaiti 5,000, kabla hata programu yenyewe haijaandikwa amri moja ya kazi yake. Wakati huo kompyuta ya mtu wa kawaida ilikuwa na kumbukumbu ya kilobaiti 256 au 512. Haikuwezekana. Ikawa lazima kuazima.

Mwaka wa 1985 zilitokea njia mbili zinazofaa kutazamwa pamoja. Ya kwanza ni kompyuta ya Amiga, iliyotengenezwa na kampuni ya Commodore. Ndani yake palikuwa na anwani moja tu isiyobadilika, nafasi ya 4, na mle iliandikwa anwani ya maktaba kuu. Kutoka kwa maktaba kuu programu iliomba maktaba nyingine kwa jina, tena ikataja toleo: “Nataka maktaba ya kuchora, isiwe ya zamani kupita toleo hili.” Kama iliyopo ilikuwa ya zamani zaidi, programu ilijibiwa hapana, nayo ikajua la kufanya. Mwaona adabu hiyo? Mgeni abisha hodi, asema amfuata nani, na mwenyeji asipokuwapo aambiwa mlangoni. Kutaja toleo la maktaba kulikuwa ni busara ambayo wengine walichelewa kuipata.

Njia ya pili ni Windows ya kampuni ya Microsoft, iliyoanza kuuzwa Novemba 1985. Mfumo wenyewe ulikuwa ni maktaba tatu kubwa: moja ya kuendesha kazi, moja ya madirisha na moja ya kuchora. Programu zote ziliazima humo. Maktaba hizi huitwa DLL; andikeni, D, L, L. Katika Windows za mwanzo maktaba moja ilikuwa na daftari moja la kumbukumbu zake kwa wateja wote, na mteja mmoja akiandika vibaya humo, wote walisoma vibaya. Windows NT ya mwaka wa 1993 ilitenga: amri zikawa za pamoja, bali daftari kila mtu na lake.

Watu wa Unix nao walijaribu kwanza kwa njia ya viwanja. Katika toleo la AT&T liitwalo System V Release 3, katikati ya miaka ya 1980, kila maktaba ya pamoja ilipewa anwani yake ya kudumu katika kumbukumbu, kama mtu apewavyo kiwanja na afisa wa ardhi. Ni njia nyepesi, lakini wenye viwanja mwajua ugomvi wake. Maktaba ikiongezeka ukubwa hugonga mpaka wa jirani. Tena lazima awepo mtu mmoja wa kushika daftari la viwanja. Mfumo wa Linux, ulioanzwa na Linus Torvalds mwaka wa 1991, nao katika miaka yake ya kwanza ulikuwa na daftari kama hilo.

Dawa ilitoka kampuni ya Sun. Mwaka wa 1987 Robert Gingell na wenzake walieleza njia waliyoitia katika mfumo wao wa SunOS 4.0, uliotoka mwaka wa 1988. Maktaba iliandikwa bila kutaja anwani yo yote ya kudumu. Badala ya kusema “nenda nyumba namba 40,” ilisema “nenda hatua kumi mbele ya hapa nilipo.” Ukiihamisha popote, maneno yake yabaki kweli. Majina ya nje yaliwekwa katika jedwali, kama lile la Multics, na anwani zake zikaandikwa wakati wa kazi. Miaka zaidi ya ishirini baadaye, fikira ya MIT ilikuwa imerudi kwa mlango mwingine. Sun na AT&T waliichukua katika mtindo wa faili uitwao ELF, na kufika katikati ya miaka ya 1990 Linux nayo ikahamia huko, ikaacha daftari la viwanja.

Hapo Sun walifungua mlango mwingine, nao ndio hasa kiini cha somo letu. Hata sasa tumesema juu ya programu inayojua tangu mwanzo ni maktaba gani itaihitaji. Lakini je, ikiwa haijui? Tuseme programu ya kuhariri picha yaweza kusoma picha za namna thelathini, nawe leo una picha ya namna moja. Au seva ya Apache, ambayo tangu toleo lake la 1.3 la mwaka wa 1998 huweza kuongezewa kazi mpya bila kujengwa upya. Programu hizo zataka kuita maktaba katikati ya safari, kwa jina ambalo mtunga programu hakulijua. Kwa kazi hiyo Sun walitoa amri iitwayo dlopen. Andikeni: d, l, o, p, e, n. Nayo ina ndugu yake, dlsym, isemayo: “Katika maktaba uliyoifungua, nipe anwani ya fungu lenye jina hili.”

Kwenye Windows kazi ile ile hufanywa na LoadLibrary, na ndugu yake ni GetProcAddress. Kwenye mfumo wa HP-UX iliitwa shl_load. Kompyuta za Apple zilikuwa na amri zao nyingine, na baadaye zikaipokea dlopen. Hata majina ya mafaili ni mbalimbali: kwa Windows jina huishia kwa dll, kwa Linux huishia kwa so, kwa Apple huishia kwa dylib. Mtunga programu aliyetaka kazi yake iende katika mifumo yote alilazimika kuandika jambo moja mara nne au tano. Mwaka wa 1996 Gordon Matzigkeit alianza chombo kiitwacho libtool ili kumpunguzia mzigo huo, na ndani yake ikatokea maktaba ndogo ambayo kazi yake ni kuwa mkalimani: wewe waiambia “fungua,” nayo huusemesha kila mfumo kwa lugha yake. Mwaka wa 1997 dlopen iliingizwa katika kanuni rasmi za mifumo ya jamii ya Unix. Microsoft walibaki na yao.

Laiti tofauti zingekuwa za majina tu, mkalimani angetosha. Lakini ziko tofauti za desturi, na desturi haitafsiriki kirahisi. Katika Windows programu husema: “Nataka fungu la jina hili kutoka maktaba ile.” Katika ELF, yaani Linux na wenzake, programu hutaja maktaba zake zote, halafu huita jina bila kusema latoka katika ipi, wa kwanza kuwa na jina hilo katika mstari ndiye huitika. Ni kama kuita “Juma!” sokoni. Faida yake ni kwamba waweza kumweka Juma wako mbele ya wengine ili uchunguze au urekebishe jambo bila kuigusa programu. Hasara yake haihitaji maelezo. Apple walianza na desturi ya soko, kisha mwaka wa 2001, katika toleo la 10.1 la Mac OS X, wakageuka wakafuata ile ya kutaja ukoo na jina.

Na hata mambo ya kuazima yana miiko. Katika Windows, maktaba mbili zaweza kuwa kila moja na ghala yake ya kumbukumbu. Ukipewa nafasi na moja, ukairudisha kwa nyingine, programu huanguka. Programu ile ile ikiandikwa kwa Linux yaweza kwenda miaka kumi bila kuanguka, kwa kuwa kwa kawaida ghala ni moja. Mwandishi aliyezoea upande mmoja huapa ya kuwa kazi yake ni safi, na kwa upande wake asema kweli.

Sasa tuzungumze juu ya ugomvi. Katika miaka ya 1990 watu wa Windows walipata taabu hata ikapewa jina la jehanamu ya DLL. Ilikuwa hivi. Mtu ana programu ya barua, yafanya kazi vizuri. Anunua programu ya michezo. Nayo, inapojiweka katika kompyuta, yaleta nakala yake ya maktaba ya pamoja, tena ya zamani kuliko iliyopo, yaiandika juu yake. Kesho yake programu ya barua haifunguki. Aliyeiuza programu ya barua hana kosa, na mwenye kompyuta hajui hata kama kuna kitu kiitwacho maktaba. Windows 2000 iliweka ulinzi juu ya maktaba za mfumo, na Windows XP ya mwaka wa 2001 ikaruhusu matoleo kadhaa ya maktaba moja kukaa pamoja, kila programu ikapata lile iliyolizoea.

Linux nayo haikuepukana. Mwishoni mwa mwaka wa 2010, wenye toleo la Fedora 14 walisikia sauti zimekwaruza katika video zilizochezwa na programu ya Flash. Flash haikuwa imebadilika. Kilichobadilika ni maktaba kuu, glibc, katika fungu dogo liitwalo memcpy, kazi yake kunakili data kutoka mahali hadi mahali. Kanuni iliyoandikwa ilisema mahali pa kutoka na pa kwenda pasiingiliane. Flash haikuifuata, lakini muda wote fungu lilinakili kutoka mwanzo kwenda mwisho, basi kosa halikuonekana. Waandishi wa glibc, wakitafuta mwendo wa kasi, walilifanya katika baadhi ya kompyuta linakili kutoka mwisho kurudi mwanzo. Wakasema: sisi tumefuata kanuni. Bwana Torvalds akashindana nao, akishika upande wa mtumiaji, ambaye sauti zake zimeharibika na kanuni hazimsaidii kitu. Mwaka wa 2011, katika toleo la 2.14, glibc ilitoa fungu jipya lenye alama ya toleo: programu za zamani zikaendelea kupata mwenendo wa zamani, na mpya zikapata mpya. Kwangu mimi Bwana Torvalds alikuwa na haki. Atumiaye maktaba ya wote huitegemea desturi yake kama aitegemeavyo kanuni yake, na aliye ndani ya maktaba ndiye peke yake awezaye kuibadilisha bila kuwauliza wengine.

Mtauliza: kama kuazima kuna taabu hizi zote, mbona tusirudie kibuyu? Jibu la kwanza lilikuja Machi 2002. Kosa la hatari lilionekana katika zlib, maktaba ndogo ya kubana data itumikayo karibu kila mahali. Kwa programu zilizoiazima, dawa ilikuwa nyepesi: badilisha faili moja, zote zapona pamoja. Lakini nyingi zilikuwa zimeinakili ndani yake. Hata kiini cha Linux chenyewe kilikuwa na nakala. Ikawa lazima kuzitafuta moja moja, na kuzitengeneza moja moja. Na mwenye programu aliyekwisha kusahau kwamba alinakili, nani atamkumbusha?

Jibu la pili lilikuja kwa upande mwingine, nayo ndiyo habari niliyowaahidi. Ipo programu iitwayo sshd, ambayo ni mlango wa kuingilia seva kutoka mbali. Mlango huo hulindwa sana, na amri zake husomwa na watu wengi. Waundaji wa baadhi ya mifumo ya Linux walitaka mlango huu utoe taarifa unapokuwa tayari, basi wakauongezea maktaba moja iitwayo libsystemd. Maktaba ile nayo ilihitaji nyingine ya kubana data, liblzma, kutoka mradi mdogo uitwao xz. Mlango wenyewe haukuwa na haja ya liblzma. Lakini maktaba huja na jamaa zake: ukimwalika mmoja, wote huingia nyumbani, nao wakiisha kuingia wana haki sawa na mwenye nyumba.

Mtu aliyejiita Jia Tan, ambaye nafsi yake halisi haikujulikana, alijitolea kuusaidia mradi wa xz kwa zaidi ya miaka miwili, mpaka akaaminiwa kutoa matoleo yake. Katika matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1, mwanzoni mwa mwaka wa 2024, alificha amri zilizoamka wakati maktaba inapopakiwa, wakati ule ule ambapo jedwali la anwani laandikwa. Zilibadilisha anwani moja humo. Mlango ulipoita fungu la kuhakiki ufunguo, aliyeitika hakuwa yule aliyekusudiwa. Mwenye ufunguo wa siri angeweza kuiamuru seva atakavyo.

Aliyeligundua jambo hili hakuwa askari wala mpelelezi. Ni Bwana Andres Freund, mhandisi wa Microsoft na mmoja wa waandishi wa hifadhidata ya PostgreSQL. Alikuwa akipima mambo mengine kabisa, akaona kuingia kwa sshd kwachukua kama nusu sekunde zaidi ya kawaida. Nusu sekunde! Wengi wetu tungalinyamaza. Yeye alifuata, na tarehe 29 Machi 2024 akatangaza. Matoleo yale yalikuwa yamefika katika mifumo ya majaribio, kama ile ya Debian na Fedora, na yalikuwa njiani kwenda katika ile itumiwayo na wote.

Jambo la kupendeza kwa somo letu ni hili. Kabla ya tangazo lile, waandishi wa systemd walikuwa wamekwisha kukubali badiliko ambalo libsystemd isingeziita tena maktaba za kubana data tangu mwanzo, bali ingezifungua kwa dlopen pale tu zinapohitajika. Badiliko hilo lilitoka katika toleo la 256, Juni 2024. Mlango wa sshd, ambao hauna haja ya liblzma, hauiiti kwa njia hiyo, na hivyo liblzma haiingii. Basi chombo kile kile kilichofungua nyumba kwa wageni kilitumika kupunguza wageni.

Wengine lakini wamerudia kibuyu kwa makusudi. Bell Labs, katika mfumo wao uitwao Plan 9, waliunganisha kila programu mapema. Ken Thompson, yule yule wa Unix, pamoja na Rob Pike na Robert Griesemer, walianzisha huko Google lugha ya Go, iliyotangazwa mwaka wa 2009. Programu zake kwa kawaida hubeba karibu kila kitu ndani ya faili moja. Tangu Docker ilipotoka mwaka wa 2013, watu wengi husafirisha programu pamoja na maktaba zake zote ndani ya kasha moja. Kumbukumbu sasa ni rahisi kwa bei, na shida iliyowalazimisha watu wa 1985 haiwalazimishi hawa. Ila siku kosa kama la zlib litokeapo, kila kasha lapaswa kufunguliwa na kujengwa upya.

Simu zetu zimeshika njia ya katikati. Katika simu za Android programu yaweza kuleta maktaba zake yenyewe, lakini tangu Android 7 ya mwaka wa 2016 imekatazwa kufungua maktaba za ndani za mfumo zisizotangazwa kwa wote. Apple kwa muda mrefu haikuwaruhusu watu wa nje kuleta maktaba za kupakiwa wakati wa kazi katika programu za iPhone, ikaja kuruhusu mwaka wa 2014, katika iOS 8.

Sasa kazi ya kikundi. Mwenye kompyuta ya Linux, au awezaye kuifikia kazini, na aandike neno ldd, yaani l, d, d, kisha nafasi, kisha njia kamili ya programu mojawapo, mathalani /bin/ls. Ataona orodha ya maktaba ambazo programu hiyo huziita, na mahali zilipoonekana. Kila mmoja ahesabu ni ngapi, na kikundi kijaribu kueleza ni zipi zilizoitwa na programu yenyewe, na zipi zimekuja kama jamaa wa wengine. Msifanye hivyo kwa programu msiyoiamini, kwa kuwa katika hali nyingine ldd huweza kuziendesha amri za programu hiyo. Juma lijalo, saa hii hii, tutaeleza jinsi kompyuta inavyogawa kumbukumbu kati ya programu nyingi. Kwaherini.